Karti ya picha: tutazame kwanza sanduku la umeme



Siku ya posho inayokuja komite ya wanafunzi itakutana juu ya ile feza dola 110 iliyo katika sanduku la kikundi cha ordinateri. Wote munajua namna ilipatikana. Sehemu moja ilitoka katika kazi ya kubeba matofali wakati wa likizo ya Pasaka. Nyingine ni zile franka 200 zenye kila mchezaji alilipa kwa mashindano ya mupira kwenye ekrani. Nyingine tena ni michango. Kati ya wale waliochanga kuko dada mmoja wa kalasi ya tatu, ambaye yeye na jamaa yake walikimbia Kanyabayonga katika mwezi wa sita 2024 na kufika hapa Butembo na mifuko miwili tu. Alileta franka 500. Hatutaji jina lake, kwa kuwa hakutuomba kumtaja. Lakini kila mtu atakayenyoosha mkono siku ya posho akumbuke kwamba zile franka 500 ziko ndani.

Swali la mkutano ni hili: tununue karti gani ya picha kwa ile mashini yetu ya zamani? Wavulana wengi wa kalasi za mwisho wanataka karti kubwa, "ya kucheza kila kitu". Wengine wanasema tusinunue hata moja. Sisi tunaotunza chumba cha ordinateri tuko na shauri letu, na tunaliandika hapa wazi, ili mtu asiseme kesho kama tulilificha. Tununue karti ndogo, ile inayokula vati 75 ao chini, yenye kupata umeme wake wote kupitia karti-mama, bila kuomba waya mwingine.

Tunajua hii haipendezi masikio. Musikilize kwanza.

Mashini yetu ni Dell OptiPlex 7010, ya kusimama, aina iliyotoka mwaka 2012. Ilifanya kazi katika biro fulani mbali na hapa, kiisha ikatufikia kama okazio. Iko na prosesa Core i5-3470, na memwari jiga 8 tangu tulipoongeza nne. Picha zote zinafanywa na kipande kidogo kilicho ndani ya prosesa yenyewe. Kwa kuandika barua na kupiga hesabu kinatosha. Kwa michezo ya leo hakiwezi, na hata kwa Blender, programu ya kuchora vitu vya pande tatu yenye ndugu zetu wa ujenzi wanaililia, matoleo mapya yanakikataa. Hapo wenye kutaka karti wako na haki, hatubishani nao.

Lakini mufungue ile buati, mutazame nyuma, juu, pale waya wa ukutani unapoingia. Kuko sanduku la chuma, lile wauzishaji wanaita alimantasio. Juu yake kuko karatasi, na kwenye karatasi kumeandikwa vati 275. Mushike ile hesabu, kwa sababu maneno yetu yote yanatoka pale.

Tuseme sasa yaliyotupata mwaka uliopita, maana wengi walisikia harufu tu na hawakujua sababu. Tulinunua karti yenye kuomba waya wa pekee wa meno 6. Sanduku letu halina ule waya. Muuzishaji akatuambia, "Haina shida, wadogo, tieni adaptateri, bote banafanya vile." Tukatia. Siku ya kwanza ikaenda, ya pili ikaenda. Siku ya nusu-finali, chumba kikiwa kimejaa, mashini ikalia mara moja kama chupa inayofunguliwa, moshi ukatoka nyuma, ekrani ikawa nyeusi. Watu walicheka! Wafinalisti hawakucheka. Katika ile mashini mulikuwa maulizo ya Exetat ya miaka iliyopita, yenye walikuwa wakiandika kidogo kidogo tangu mwanzo wa mwaka, na mtihani ulikuwa karibu. Diski haikuungua, tunashukuru. Lakini tulikaa majuma mawili bila mashini, tukitafuta sanduku lingine la umeme, na ule mwezi gazeti hili liliandikwa kwa mkono. Munakumbuka mistari iliyopinda.

Hatusemi yule muuzishaji ndiye peke yake mwenye kosa. Sisi tulikuwa na macho. Ile karatasi ya vati 275 ilikuwa pale siku zote, na hatukuisoma.

Hesabu yenyewe si ngumu, hata mtoto wa kalasi ya kwanza anaiweza. Ile nafasi ndefu ya karti-mama, pale karti ya picha inapoingia, kwa kanuni inatoa vati 75 na si zaidi. Karti yenye kuhitaji kupita pale inaomba waya kutoka sanduku la umeme: fishi ya meno 6 inaongeza vati 75, ya meno 8 inaongeza 150. Sasa mutwae ile RX 580 ambayo wavulana wanaimba jina lake. Ni karti ya mwaka 2017, na peke yake inaweza kula vati 185. Prosesa yetu imeandikwa vati 77. Diski, feni, memwari na vidogo vingine, tuweke 45. Jumla 307. Sanduku ni la 275. Ni sawa na kupakia watu watano kwenye pikipiki moja na kupanda mlima: pengine itafika, lakini hakuna fundi atakayekubali kuweka mkono wake kwa ile injini. Mukitia karti ya vati 75, jumla inakuwa 197, na sanduku linapumua.

Kuko wanaosema, "Tununue na sanduku kubwa." Vizuri. Lakini sanduku kubwa nalo linaomba feza nyingine.   Na dola ni 110, hazizai.

Kiisha kuko umeme wa mji. Hapa Butembo hatuna haja ya kufundishana juu ya kukatika. Umeme ukienda, chumba chetu kinakaa juu ya batri moja ya volti 12, amperi-saa 100. Kwa hesabu, ile ni vati-saa 1200. Lakini mwenye kupenda batri yake hapiti nusu, basi 600. Konvertiseri nayo inakula yake, tunabaki na karibu 500. Mashini ikicheza na karti ndogo, pamoja na ekrani, tuweke karibu vati 200: tunapata saa mbili na nusu. Na karti kubwa, vati 310 ao zaidi: hata saa moja na dakika arobaini hatufiki. Ile tofauti ya dakika hamsini ndiyo wafinalisti wanasoma nayo jioni. Wenzetu wa Beni, ambao tunabadilishana nao hili gazeti, wako na shida nyingine tena: kule ni chini kupita huku, joto ni jingi, na chumba chao kiko chini ya manjanja matupu. Karti kubwa katika kile chumba, saa saba ya mchana, ni jiko. Sisi baridi ya Butembo inatusaidia kidogo. Vumbi la barabara halitusaidii.

Tuseme pia neno juu ya prosesa, kwa sababu hapa watu wanadanganywa na majina. Karti ya picha haifanyi kazi peke yake. Prosesa ndiyo inaitayarishia kazi, kila picha, mara makumi kwa sekunde. Mukienda kwenye kiwanja cha ujenzi, mutaona fundi mwashi na yule kijana anayemletea matofali na chokaa. Mukilipa mafundi kumi na kijana akiwa mmoja, mafundi tisa watakaa juu ya ukuta wakipiga hadisi. Core i5-3470 ni yule kijana. Alikuwa na nguvu katika mwaka 2012, na sasa bado anatembea, lakini hawezi kulisha mafundi kumi. Feza ya karti kubwa ingekuwa feza ya kulipa mafundi wa kukaa.

Basi karti gani? Tulizunguka maduka matatu ya mji, na tukauliza ndugu mmoja anayekwenda Kampala kila mwezi. Tunaeleza yale tuliyoona.

Kuko GT 1030, karti ndogo sana ya mwaka 2017, inakula vati 30 tu. Bei yake ni nzuri. Lakini mujihazari: jina ni moja, karti ni mbili. Ya kwanza iko na memwari ya GDDR5, ya pili, iliyofuata mwaka 2018, iko na DDR4, na ile ya pili ni pole sana kupita ya kwanza. Kwenye buati maandiko yanafanana. Ni kama kununua gunia ya simiti pasipo kutazama kilo.

GTX 750 Ti ni mzee wa mwaka 2014, vati 60. Ni karti ya heshima, na iko na faida moja ambayo wengi hawaifikirii: kwa fishi yake ya DVI inaweza kutoa picha ya namna ya zamani, ile ya fishi ya buluu ya VGA. Ekrani yetu inajua VGA tu! Karti zilizofuata ziliacha ile njia. Kwa hiyo, tukinunua karti mpya kidogo, ni lazima tuhesabu pia adaptateri ya kugeuza HDMI kuwa VGA, ile yenye kipande cha elektroniki ndani yake, si waya mtupu. Ni feza kidogo, lakini mtu akiisahau, atarudi nyumbani na karti nzuri na ekrani nyeusi.

GTX 1050 Ti, ya mwaka 2016, jiga 4, vati 75. Hii ndiyo ingekuwa chaguo letu bila mashaka miaka mitatu iliyopita. Leo tuko na neno moja juu yake. Kila karti inaomba piloti, yaani programu inayoiongoza, na kampuni ya NVIDIA iliacha kutengeneza piloti mpya za michezo kwa jamaa yake, pamoja na ile ya 750 Ti, katika mwezi wa kumi 2025. Hazikufa. Zitaendelea na piloti zilizopo, na marekebisho ya usalama kwa muda. Lakini mwenye kununua leo ajue ananunua ng'ombe aliyekwisha kuzaa.

GTX 1650 ya mwaka 2019 ndiyo tunayotaka. Jiga 4, vati 75, na piloti zake bado zinatoka. Bei tuliyopewa ni dola 95, na pamoja na adaptateri ya ekrani tunakaa ndani ya 110. Hapa pia kuko mtego: aina nyingine za 1650 zilitengenezwa na fishi ya meno 6. Jina lile lile, vifaa vingine. Karti tunayotafuta haina tundu lolote la umeme juu ya mgongo wake. Mutu yeyote anaweza kuitambua kwa kidole, hata gizani.

Mwalimu mmoja alituuliza juu ya RX 6400 ya mwaka 2022, vati 53 tu. Ni ulizo zuri. Lakini ile karti ilifanywa kwa njia nyembamba: inapitisha habari kwa mistari minne, mahali pa kumi na sita, na katika karti-mama ya zamani kama yetu ile minne inakwenda pole kupita ilivyofikiriwa. Katika mashini mpya ni nzuri. Kwetu ingeonewa.

Na sasa tuseme juu ya udanganyifu, kwa maana hapo ndipo feza ya watoto inapotea kabisa. Kuko karti zinazouzishwa kwa jina la 1050 Ti, na ndani yake ni 550 Ti ya mwaka 2011. Watu wanabadilisha ile programu ndogo iliyo ndani ya karti, basi ordinateri inasoma jina la uongo na kulionyesha kwako bila haya. Utaona "1050 Ti, jiga 4" kwenye ekrani, na mchezo unaanguka. Dawa iko: programu ya bure iitwayo GPU-Z inasoma chipu yenyewe, na ikikuta uongo inaandika wazi kwamba karti ni ya bandia. Tumekwisha kuiweka kwenye kle ya USB ya kikundi, ili tusitafute intaneti siku ile.

Tena kuko hadisi nyingine yenye kutembea mjini. Muuzishaji mmoja alitutolea RX 580 kwa bei ya kuvuta macho, akaapa kwamba ilitoka "kwenye ile kazi ya bitcoin ya Luviro", na kwa hiyo ilitunzwa vizuri. Sisi wote tunajua Luviro, hapa katika Lubero. Ni kweli kwamba Hifadhi ya Virunga ilianza kule katika mwaka 2020 kutumia umeme wa maporomoko ya maji kwa kuchimba bitcoin, katika makontena yaliyojaa mashini. Lakini zile si karti za picha! Bitcoin inachimbwa na mashini za pekee, zenye chipu inayojua hesabu moja tu. Ukiitia katika ordinateri yako haitakuonyesha hata picha ya kuku. Feza iliyochimbwa sana na karti za picha ni nyingine, Ethereum, na ile kazi ilikufa siku ya 15 mwezi wa tisa 2022, walipobadilisha namna ya kuihesabu. Tangu ile siku karti nyingi zilizofanya kazi mchana na usiku zikauzishwa katika dunia nzima, na RX 580 ni kati yao. Pengine ile tuliyotolewa ilikuwa mojawapo. Si lazima iwe mbaya, lakini feni zake zimezeeka, na hadisi ya Luviro ni ya kutuvisha kofia.

Mtu atasema, tuagize Kampala, bei inashuka. Ni kweli inashuka. Karti inapanda kutoka Mombasa, inapita Kampala na Kasese, inavuka Mpondwe na Kasindi, inafika Beni, kiisha kwetu. (Wengine kati yetu tunafikiri pia juu ya ile koltani inayotoka huku Kivu na kuwa tantali ndani ya vifaa vya elektroniki huko mbali, inarudi kwetu kwa njia ndefu, na kwa bei nyingine. Lakini hayo ni maneno ya gazeti lingine.) Kwa ile njia, karti ikifika imekufa, nani atairudisha? Ndugu anayesafiri hatakubali, na hatuwezi kumlaumu. Tunapenda kulipa dola kumi zaidi hapa mjini, kwa duka lenye kukubali sharti letu: karti iingie kwanza katika mashini yetu, itembee saa moja mbele ya macho yetu, GPU-Z iisome, kiisha feza itoke mfukoni. Maduka mawili kati ya matatu yamekubali. Mashini itapanda pikipiki, ikifungwa katika blanketi. Kijana mmoja wa kalasi ya nne amekubali kuipakata.

Tumefika kwa wale wasiotaka karti yoyote. Wanasema masomo si nyumba ya michezo, na ya kwamba wazazi hawakulipa minervali ili mtoto apige mupira kwa vidole. Tunawaheshimu, na kati yao kuko walimu wetu. Lakini tunaomba watazame daftari la kikundi, liko wazi kwa kila mtu. Wino na karatasi za hili gazeti, tangu mwanzo wa mwaka, zililipwa na mashindano. Ile memwari jiga nne, vilevile. Na vijana waliokuwa wakicheza ndio waliojifunza kufungua mashini, kupangusa vumbi, kusafisha meno ya zahabu ya karti kwa gomu ya kufuta penseli. Hakuna aliyewafundisha kwa ubao. Tunakubali nao neno moja: toka siku ya kwanza mpaka siku ya tano mashini iwe ya kuandika, kuhesabu na kuchora tu, na mchezo ubaki siku ya posho nyuma ya saa nane. Tumekwisha kuandika ile sheria na kuibandika mlangoni. Kama ilivunjwa, ilivunjwa na sisi wakubwa, mara mbili, na tulilipa franka 1000 kila mmoja.

Kwa wale wa karti kubwa, tunarudia bila hasira: muje chumbani siku ya tano nyuma ya masomo. Buati itakuwa wazi juu ya meza. Mulete karti yoyote munayotaka, ao jina lake tu kwenye karatasi, tutatafuta vati zake pamoja na kuzijumlisha ubaoni. Ikikaa chini ya 275 na nafasi ya kupumua, sisi wenyewe tutaitetea mbele ya komite.

Mkutano ni siku ya posho saa tatu, katika kalasi ya tano B. Daftari la feza litakuwa pale, na lile sanduku la umeme lililoungua pia. Bado linanuka.

Sisi wa kikundi cha ordinateri